Michoro ya Kolo, Kondoa: nenda na mwenyeji, na mpe siku nzima

Nimekwenda Kolo, kuona michoro ya watu wa kale iliyo kwenye miamba, mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza nilirudi Dodoma na picha kumi na saba kwenye simu na mgongo unaniuma. Mara ya pili nilirudi na mama yangu, amekaa dirishani, amenyamaza kuanzia Kondoa mpaka Chemba, na mama yangu si mtu wa kunyamaza kwenye basi. Naandika haya kwa ajili ya wateja wangu wa pale Majengo ninaposhona. Kila nikiwasimulia wananiuliza swali lilelile: kwani kule kuna nini cha kuona?

Kipo cha kuona. Kolo naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya choo na maji, nitafika huko. Mwongozaji peke yake namkabidhi zote tano.

Nianze na ile safari mbaya, maana ndiyo iliyonifundisha. Mwaka jana wakala mmoja wa safari hapa mjini, jina naliacha, alitangaza safari ya siku mbili ya "Kanda ya Kati yote". Ratiba yake ukiisoma mate yanakutoka: asubuhi mashamba ya zabibu Hombolo, mchana michoro ya Kolo, kulala Babati, kesho yake kupita Katesh chini ya Mlima Hanang, Singida kuona heroe Ziwa Singidani na kula kuku wa kienyeji, kisha Manyoni, na jioni ngoma za Kigogo Chamwino. Chukua ramani ufuate njia hiyo kwa kidole, utaona mwenyewe. Tulishinda ndani ya gari. Kolo tulipewa dakika arobaini; mwongozaji alikuwa ndiyo kwanza amefika kwenye picha ya pili, dereva akaanza kupiga honi kutoka chini ya mlima. Wale ndege wa Singida tuliwaona kwa dirishani. Chamwino tuliingia saa nne usiku, kina mama wa muheme wameshafunga ngoma zao na kwenda kulala.

Baba yangu alikuwa Mgogo, muheme nimekua nikiisikia, ile ngoma wanawake wanaibana kati ya mapaja na kuipiga huku wakiimba sauti tatu nne kwa pamoja. Mimi basi sikukosa kitu kigeni kwangu. Lakini ndani ya gari lile walikuwamo vijana watatu waliokuja na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kwa ajili hiyo hasa. Walikuwa wamesikia zeze la marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, kwenye simu zao wakataka kuona linakotoka. Waliondoka hawajaona hata ngozi ya ngoma. Hilo liliniuma kuliko hela yangu, na hela yenyewe haikuwa ndogo.

Mwaka huu mwezi wa saba mtoto wa mjomba alikuwa anaoa Kondoa. Mama ni Mrangi, amezaliwa upande wa Pahi, amekuja Dodoma kuolewa akiwa msichana. Ana miaka sabini na mbili. Nikamwambia, "Mama, harusi ikiisha twende Kolo." Akanijibu kwamba amekulia chini ya milima ile na hajawahi kupelekwa kuona michoro hata siku moja. Walipokuwa watoto bibi yake aliwakataza hata kunyooshea kidole ule upande. Michoro ya watu wa kale ilikuwa maneno ya wazee na ya wenye shughuli zao huko juu, watoto hawakuhusika.

Tulipanda basi stendi ya Nanenane saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ina lami yote tangu 2018, na kwa anayekumbuka ilivyokuwa zamani, hiyo ni habari kubwa. Mama alinionyesha mahali karibu na Chemba ambapo walilala njiani mwaka mmoja wa mvua, wanawake ndani ya basi, wanaume nje na moto. Chemba walipanda wazee wawili wakakaa mbele yetu. Walipoanza kuzungumza nikasikia vidoko, zile sauti za ulimi kugonga kaakaa, zinaingia katikati ya maneno kama mtu anayeita kuku lakini kwa utaratibu kabisa. Wasandawe. Mama akaniegemea akanong'ona, "Hawa ndio wenyewe." Sikumwelewa hapo. Nilimwelewa kesho yake.

Harusi ilikuwa nzuri, sitaisimulia. Gesti tuliyolala Kondoa ilikuwa safi, shuka limenyooka, maji ya kuoga kwenye ndoo.

Asubuhi tukachukua hiace ya kwenda Kolo. Ni mwendo mfupi, kilomita ishirini na kitu. Hapo ndipo nilipomwona mama mmoja wa Kibarbaig akiwa amevaa sketi ya ngozi, na nisamehewe kwa kumkodolea macho, kazi yangu ni nguo. Ngozi imekatwa vikamba vyembamba kuanzia kiunoni hadi chini, kila kamba inaning'inia peke yake, akitembea zinacheza kama marinda, ila marinda haya hakuna pasi inayoyatengeneza. Nilihesabu kwa macho nikapotea. Mkononi bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko. Konda alizungumza naye Kiswahili, akamgeukia mama yangu kwa Kirangi, nyuma kulikuwa na vijana wanaongea lugha ambayo mama alisema ni Kiburunge. Wataalamu wa lugha husema hapa katikati ya Tanzania ndipo makundi makuu manne ya lugha za Afrika yanapokutana: Wabantu kama Warangi na Wagogo, Wakushi kama Waburunge, Wanilo kama Wabarbaig, na hizi za vidoko. Kati ya basi la jana na hiace ile nilikuwa nimekutana na wenye lugha za makundi yote manne, na nauli yake haifiki bei ya kushona gauni.

Ofisi ya Kolo iko kandokando ya barabara kuu, huwezi kupitiliza ukiwa macho. Unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu, unapata risiti. Kiingilio kwa Mtanzania ni kidogo. Ndani kuna makumbusho madogo. Yapitie, yatakusaidia kujua unakwenda kutazama nini, lakini usikae sana, jua la Kondoa halikusubiri.

Mwongozaji wetu ni mtu wa makamo, mzaliwa wa hapohapo. Alipomwona mama akainamisha kichwa: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Kisha mama akamuuliza kwa Kirangi yeye ni wa nani. Wakaanza kuchimba ukoo. Baba wa nani, aliyehamia wapi, aliyezikwa wapi, yule aliyekuwa na jicho moja. Hii ilichukua karibu nusu saa, na yule bwana hakuangalia saa hata mara moja. Mwisho wakakubaliana kwamba bibi yake na shangazi wa mama walichota maji kisima kimoja. Kuanzia hapo hakumwita tena mgeni. Kwenye kitabu cha wageni kuna safu ya mahali unakotoka, mimi nikaandika Dodoma, mama akashika kalamu taratibu akaandika Pahi.

Mungomi wa Kolo, ndiyo sehemu kuu, iko kama kilomita tisa kutoka ofisini kwa njia ya vumbi. Gari dogo halifai. Tulikodi bodaboda tatu. Kuna korongo la mchanga ambapo mama alishuka akavuka kwa miguu, ameshika viatu mkononi, na hapo akasimama akaangalia miti. Akasema, "Hapa palikuwa pekundu." Mwongozaji akamwelewa, akanigeukia kunieleza. Milima hii ya Irangi ililiwa na makorongo kwa sababu ya mifugo na kilimo, udongo ukaondoka mpaka pakabaki mifupa ya ardhi. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe wanauita HADO, na 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka kwenye eneo lililoharibika. Mama anaukumbuka mwaka ule. Babu alipeleka ng'ombe wake kwa ndugu wa mbali, na wengine hawakurudi tena mikononi mwake. "Lakini miti imerudi," mama alisema, na akaigusa mmoja. Mambo haya hayamo kwenye kipeperushi chochote, na mwaka jana nilipita juu ya korongo lilelile nikiwa nimefunga kioo.

Mwisho wa njia kuna kupanda. Si mbali, ila ni mkali na mawe yanateleza. Mwongozaji alitangulia hatua mbili mbele ya mama wakati wote, hakumshika mkono, aliacha mkono wake karibu tu. Nilibeba kigoda cha mama, kile cha kukalia jikoni. Kila tulipofika kivulini alikaa.

Michoro ya Mungomi iko sehemu tatu, wao wanaziita B1, B2 na B3. Usitegemee pango lenye giza. Ni miamba iliyoinama na kufanya kibaraza, na mchoro uko ukutani mwangani. Mara ya kwanza utaona madoa tu ya rangi ya kutu. Hapa ndipo mwongozaji mzuri anapojulikana. Hakuanza kuelekeza. Alituambia tukae, tutazame ukuta mpaka macho yazoee, na yeye mwenyewe akakaa. Ilikuwa kama dakika tano. Kisha twiga akatokea. Halafu mnyama mwenye mapembe, pofu. Halafu watu, warefu kupita kawaida, wembamba, vichwa vimejaa nywele au kofia au kitu wanachojua wao waliovaa.

Nataka niwaeleze hivyo vichwa, kwa sababu nimevitazama kwa jicho la fundi. Mistari ya kichwa kimoja ni membamba kama uzi wa kutarizia, mmoja baada ya mwingine, imefuatana kwa nafasi sawa kuzunguka duara, wala haigusani. Hii imechorwa juu ya jiwe lenye chembechembe, kwa udongo mwekundu wenye chuma ndani yake. Na mgongo wa twiga umepigwa kwa mkono mmoja bila kusimama. Najua hivyo kwa sababu ndivyo ninavyokata bega la gauni: ukisimamisha mkasi katikati, kitambaa kitakusema. Pale mwambani hakuna mahali mkono uliposimama. Aliyechora alikuwa ameshachora mengi kabla ya huyo.

UNESCO iliiweka michoro ya Kondoa kwenye urithi wa dunia 2006. Kuna vibaraza zaidi ya 150 kwenye milima hii ya ukingo wa Bonde la Ufa, na vilichorwa kwa muda wa angalau miaka elfu mbili. Ile myekundu inahesabiwa kuwa ya wawindaji wa kale, watu wa jamaa ya Wasandawe na Wahadza. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama kwenye basi: hawa ndio wenyewe. Ile myeupe, minene, iliyopakwa kama kwa kidole, ni ya wakulima waliokuja baadaye, maana yake ni ya watu wetu sisi. Sehemu nyingine nyeupe imepita juu ya nyekundu. Mama aliuliza kwa nini walichora juu ya kazi ya wenzao. Mwongozaji alisema wakulima walikuta mahali pana nguvu, wakaendelea kupatumia kwa namna yao.

Kuna picha moja watu wote huipiga. Mtu wa katikati, anayeonekana ni mwanamke, ameshikwa mikono na watu wa kulia na wa kushoto. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja kunakili michoro hii 1951, aliona ni mwanamke anatekwa, huku wanamvuta na huku wanamzuia. Watafiti waliokuja baadaye wakaifananisha na ngoma za uganga za Wasandawe, mtu anapandwa na hali na wenzake wanamshikilia. Mwongozaji alitupa maelezo yote mawili, sawasawa, hakuonyesha yeye anapenda lipi. Kisha akamgeukia mama, "Na wewe mama, unaonaje?"

Mama alikaa kwenye kigoda chake akaangalia muda mrefu. "Wanamshika asianguke," alisema.

Mwaka jana kwenye picha hii hii mtu wa wakala alituambia "bi harusi anaibiwa", watu wakacheka, wakapiga picha, tukashuka.

Tulipofika mahali pengine pa mwamba, mwongozaji akasimama na kusema kwa sauti ya chini kwamba hapa pana wenyewe, watu bado wanakuja kuomba mvua na uponyaji, na hana maelezo ya kutoa. Akaomba simu ziwekwe. Mama ni Mwislamu wa swala tano. Alivuta kanga yake kichwani akasimama kwa adabu kama mtu aliyeingia nyumba ya mkwe. Hakuna aliyesema kitu. Naona hapo ndipo wasimamizi wana kazi ngumu kuliko popote, kwa sababu pombe inayorushwa mwambani wakati wa tambiko inafifisha michoro, na ukiwakataza wenye tambiko unakuwa umepageuza mahali pa watu kuwa ukuta wa kuangalia tu. Mimi sina jawabu. Ninachojua ni kwamba yule bwana aliheshimu pande zote mbili mbele ya macho yangu. Wanaopaswa kukatazwa bila mjadala ni wale wanaochimba mashimo. Karibu na miamba utayaona. Kuna watu wanaamini Wajerumani walificha dhahabu huku wakati wa vita vya 1916 walipopigana Kondoa, basi wanachimba usiku na kuharibu udongo ambao wataalamu wangeusoma.

Sasa malalamiko yangu, na nayasema kwa nia njema kabisa. Kule juu hakuna choo wala maji, na mtu mzima wa miaka sabini hawezi kuambiwa asubiri mpaka arudi barabarani. Mama alivumilia, lakini asingepaswa kuvumilia. Pale chini njia inapoishia kivuli cha kukalia hakuna, ukisubiri bodaboda unasubiri juani. Usafiri wa kutoka ofisini ni juu yako, na bei ya bodaboda inategemea wanavyokuona. Patana na kurudi humohumo kabla hujapanda. Mkono wa ngazi kwenye ule mteremko mkali, hata wa mti tu, ungesaidia wazee wengi ambao ndio hasa wenye hadithi za mahali hapa.

Tulikula Kolo kwa mama ntilie mmoja kando ya barabara: ugali wa uwele, mlenda, nyama ya mbuzi iliyochemshwa na chumvi tu. Ugali ulikuwa mweusi unaotakiwa, mlenda unavutika. Nilinunua na asali, lita mbili.

Kwa watu wawili, kuanzia stendi ya Nanenane mpaka kurudi, gesti ya usiku mmoja ndani yake, bodaboda, chakula, kiingilio na asante ya mwongozaji, nilitumia laki moja na arobaini hivi. Wakala wa mwaka jana nilimlipa zaidi ya hiyo kwa kichwa changu peke yangu.

Mkitaka kwenda, nendeni kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Mvua zikianza lile korongo halivukiki. Fikeni Kolo kabla ya saa tatu asubuhi, mwanga wa asubuhi ndio unaoitoa rangi nyekundu, na saa sita mwamba unawaka. Mkiwa na siku ya pili msikimbilie Singida, bakini hapohapo mwende Fenga au Pahi, nako kuna michoro. Sisi Pahi tumeiweka mwakani, mama ameshasema. Mwongozaji mwambieni mapema kama mna mtu mzima, atapanga njia. Bebeni maji ya kutosha kila mtu na chupa yake, na bebeni kigoda.